Maswali ya Wasomaji: Gitaa Lenye Taa Shingoni

SWALI: Ndugu Mwalimu, mimi ni fundi cherehani wa Katuba, hapa Lubumbashi, na umri wangu ni miaka 43. Tangu ujana nimetamani kupiga gitaa, lakini kazi na watoto havikunipa nafasi. Sasa mdogo wangu, ambaye hupita Kasumbalesa mara kwa mara kwa biashara, amenieleza kuhusu gitaa lenye taa ndogo shingoni: unafungua programu kwenye simu, unachagua wimbo, na taa zinawaka pale unapopaswa kuweka vidole. Yuko tayari kuniletea. Mjomba wangu, aliyepiga gitaa katika baa za Kamalondo enzi zake, alicheka sana aliposikia, akasema gitaa halisomwi kwa macho. Je, ninunue, au nitatupa pesa? (Fundi wa Katuba)

JIBU: Baba Fundi, mjomba wako ana haki ya kucheka, lakini si kwa kila jambo, kwa hiyo nitaanza na lile ambalo taa hizo hulifanya vizuri.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Chini ya kila uzi, katika kila nafasi kati ya freti na freti (yaani vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa), hupachikwa taa ndogo ya LED. Gitaa lina nyuzi 6, na ukihesabu freti 12 za kwanza tu unapata nafasi 72. Simu huliambia gitaa, mara nyingi kwa njia ya Bluetooth, ni zipi kati ya hizo ziwake na ziwake lini. Wazo hili si la jana. Marekani kuna magitaa ya Fretlight ambayo yameuzwa kwa miaka mingi, na kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa EZ-AG mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo shingoni haina nyuzi bali vitufe vinavyowaka. Siku hizi kuna hata ukanda wa taa unaobandikwa juu ya shingo ya gitaa la kawaida.

Faida yake iko katika majuma ya kwanza. Mwanafunzi anayesoma mchoro wa akodi (yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye karatasi hana budi kuugeuza kichwani kabla ya kuupeleka mkononi: karatasi imesimama, gitaa limelala, na uzi mnene ulio kushoto kwenye mchoro uko juu kabisa anapolipakata gitaa. Chukua akodi ya Do. Kidole cha shahada hukaa freti ya 1 kwenye uzi wa 2 (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), cha kati freti ya 2 kwenye uzi wa 4, cha pete freti ya 3 kwenye uzi wa 5. Nimeona watu wazima, wenye akili timamu, wakihesabu nyuzi kutoka upande usiofaa kwa siku tatu mfululizo. Taa huondoa usumbufu huo mara moja, kwa kuwa nukta tatu zinawaka na wewe unaweka vidole vitatu. Kwa mtu anayefunga duka jioni akiwa amechoka, nafuu hiyo si ndogo, na wengi huacha gitaa katika kipindi hicho hicho.

Hata hivyo, taa zote hizo zinaufundisha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hauambiwi neno, na katika gitaa la Katanga wimbo unakaa mkono wa kulia. Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, alipiga kwa vidole viwili tu: gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inajibu kwenye nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake. Utakapokuwa umejua Do, Fa na Sol kwa msaada wa taa, jambo linalowezekana ndani ya majuma machache, utazipiga zote tatu bila kosa na utashangaa kwa nini hazifanani hata kidogo na zile za mjomba wako. Akodi ni zile zile. Tofauti iko kwenye gumba.

Wewe una bahati ambayo wanafunzi wengine hawana, kwa maana umeshajifunza jambo kama hili kwenye cherehani. Mguu unakanyaga kwa mwendo wake bila kuangaliwa, huku mikono ikiongoza kitambaa kwa mwendo mwingine. Basi gumba lako liwe mguu. Shika akodi ya Do na usiibadilishe jioni nzima, taa zikiwa zimezimwa. Gumba lipige uzi wa 5, kisha wa 4, tena wa 5, tena wa 4, polepole, mpaka uweze kumjibu mke wako swali bila gumba kusimama. Hapo ndipo uiite shahada, kwanza kwenye uzi wa 2, baadaye na wa 1, ikiingia katikati ya mapigo ya gumba badala ya kulifuata. Zoezi hili halina taa, halipendezi macho, na kwa maoni yangu ndilo nusu ya elimu unayoitafuta. Kwa nusu hiyo mwalimu wako ni mjomba. Mpelekee hilo gitaa, mwache acheke, kisha umwombe akae mbele yako uangalie gumba lake.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Ili azione taa, mwanafunzi huliinamisha gitaa, uso wake ukitazama juu kama sinia. Kifundo cha mkono wa kushoto hujikunja kulifuata, vidole hulala na kuzigusa nyuzi za jirani, na akodi inatoka imezibwa. Kisha mtu anailaumu akodi! Gitaa lisimame wima kifuani. Angalia taa mara mbili, zizime, halafu tafuta mahali pale pale kwa mkono wenyewe. Zaidi ya hayo, gitaa la namna hii kwa kawaida linakuonyesha mahali pa kubana bila kujua kama nyuzi zimelegea. Kabla ya kufungua programu, hakikisha nyuzi ziko sawa, kutoka nene hadi nyembamba: Mi, La, Re, Sol, Si, Mi. Uzi wa 6 ukibanwa freti ya 5 hutoa sauti ya uzi wa 5 ulio wazi, na vivyo hivyo kwa nyuzi zinazofuata, isipokuwa wa 3, ambao hubanwa freti ya 4 ili utoe sauti ya uzi wa 2.

Kuhusu ununuzi, mwambie mdogo wako ahakikishe mambo haya kabla ya kutoa pesa. Liwe na nyuzi za kweli, si vitufe, ili umeme ukikatika jioni ubaki na gitaa. Programu yake ifunguke kwenye simu yako wewe, si kwenye simu ya muuzaji, na ifanye kazi hata data ikiisha. Kampuni ikiacha kuitunza programu, taa zinaweza kubaki pambo. Mwisho, atazame nafasi kati ya nyuzi na shingo kwenye freti ya 12. Ikizidi sana milimita 3, vidole vyako vitateseka bure, na maumivu ya kawaida ya mwanzo yanatosha. Kama gitaa la taa linazidi bei mara mbili ya gitaa zuri la kawaida, mimi ningechukua la kawaida.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Ruashi. Nina gitaa la marehemu kaka yangu na sina pesa za taa. Je, naweza kuchora alama shingoni kwa rangi ya kucha? (Dada wa Ruashi)

JIBU: Unaweza, dada, lakini si chini ya nyuzi. Weka nukta ndogo kwenye ukingo wa juu wa shingo, ule unaoutazama unapopiga, mkabala na freti za 3, 5, 7, 9 na 12. Kwenye ya 12 weka nukta mbili. Chunguza kwanza, kwa sababu magitaa mengi yana nukta hizo tangu kiwandani, na huenda za gitaa la kaka yako zimefunikwa na vumbi tu.