Kusomea uuguzi ukiwa na miaka 38: ya kumaliza kabla ya kuripoti chuoni

Hesabu ya umri ifanye mara moja, kisha iache. Stashahada ya uuguzi nchini Kenya ni miaka 3. Ukianza na 38 utamaliza na 41, na mtumishi wa umma hustaafu akiwa na 60. Hiyo ni miaka 19 ya kazi. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na umri. Hukwama kwa mambo yaliyopaswa kushughulikiwa mwaka mmoja kabla ya kuripoti.

Anza na cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Stashahada inataka wastani wa C, na ndani yake C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Baiolojia, na C- ya somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Mwenye C+ ya wastani lakini D ya Baiolojia hapiti, hata akiwa amekuwa mhudumu wa afya kijijini miaka kumi. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, ila kwanza aulize Baraza la Wauguzi, linalowasajili wauguzi na kuwapa leseni, kama matokeo ya miaka miwili tofauti yatakubaliwa pamoja. Kwa akina mama waliobadilisha jina baada ya ndoa, linganisheni kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE sasa hivi. Majina yakigongana, mwoneni wakili mapema. Kuyarekebisha ukiwa katikati ya masomo ni mateso.

Halafu chuo. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina matawi Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya na Homa Bay, na maombi yake hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Anayekwambia ana nafasi ya kukuuzia mkononi, mkimbie. Kwa chuo cha kibinafsi, usilipe hata shilingi kabla ya kuona jina lake kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza, tena kwa kozi ile ile unayoitaka. Mwanafunzi wa uuguzi husajiliwa na Baraza na kupewa nambari mwanzoni mwa masomo, na asiye na nambari hiyo hafanyi mtihani wa leseni. Kwa hiyo katika miezi ya kwanza idai nambari yako na uione kwa macho yako. Ukiambiwa "inashughulikiwa" muhula baada ya muhula, hapo hapana usalama. Na yeyote anayetangaza kozi ya msingi ya uuguzi inayosomwa yote kwa intaneti anadanganya, maana mafunzo haya yako kwenye wadi za hospitali.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ndiyo maana haifai kungojea barua ya kuitwa. Ukingojea, utashika sindano na damu kabla hujamaliza kinga.

Sasa hesabu, na hapa naomba utulie. Aliyeacha Hisabati miaka ishirini iliyopita hulemewa na hesabu za dozi kuliko anatomia, somo la viungo vya mwili. Chukua dripu ya mililita 1,000 inayotakiwa kuisha kwa saa 8. Pakiti ya mpira wa dripu imeandikwa matone mangapi hufanya mililita moja. Ya watu wazima mara nyingi ni 20. Zidisha 1,000 kwa 20, upate 20,000. Geuza saa 8 ziwe dakika 480. Gawanya: matone 42 kwa dakika. Kosa la kwanza ni kusahau kugeuza saa, lakini hilo hujionyesha, maana utapata 2,500. La hatari ni kutosoma pakiti. Mpira wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita. Ukipiga hesabu ya 60 kisha ukatundika wa 20, mtoto anapata maji mara tatu ya yaliyoandikwa, na moyo na mapafu yake hayawezi kuyabeba. Fanya hesabu tano kila jioni kwa miezi mitatu, kwa kalamu, bila simu.

Nyumbani pia jizoeze: mtoto akilala, hesabu pumzi zake kwa saa yenye mshale wa sekunde. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo sawa.

Ukikaribia miaka 40, pima macho. Maandishi ya ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, ni madogo, taa za wadi usiku ni hafifu, na dawa mbili zinaweza kufanana chupa. Miwani ya kusomea si anasa.

Kuhusu pesa, omba karatasi ya karo, kisha uliza yasiyoandikwa humo: sare, viatu, ada za Baraza, nauli na malazi unapopelekwa vituo vya afya vya mashambani. Familia ijue mapema kwamba zamu za usiku zitakuja, na nani atalala na watoto. Jirani mmoja hatoshi. Tafuta wawili.

Wadini, anayekusimamia anaweza kuwa binti wa miaka 25. Mwite sista, na umwombe akuonyeshe tena usipoelewa. Kitabu cha kazi zako kikae mfukoni. Ukizalisha mama au kuweka mpira wa mkojo, sahihi ichukuliwe kabla ya zamu kuisha. Wiki ijayo aliyekuona ukifanya atakuwa amehamishiwa wadi nyingine, na hakuna atakayetia sahihi kitu ambacho hakukiona.