Pikapu ya Gitaa Ikae Wapi? Maswali Yenu

Pikapu zangu mbili ni aina moja kabisa, mbona ya shingoni inatoa sauti nene na ya briji inakwaruza?

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, inanasa mtikisiko wa uzi pale ilipo, na uzi hauchezi sawa kila mahali. Pale kwenye briji, kile kidaraja uzi unapoishia kwenye mwili wa gitaa, umefungwa, unatikisika kidogo tu, kwa hiyo besi inakuwa haba na zile hamoniki za juu (visauti vyembamba vilivyomo ndani ya noti) ndo zinatawala, ukisogea shingoni unapepea kwa upana na sauti inajaa. Hata ukizibadilisha nafasi, ya shingoni itabaki nene tu. Ndo maana mafundi wengi ya briji wanaizungushia waya mwingi zaidi, isije ikamezwa na mwenzake.

Nachonga gitaa la freti 24 (vile vyuma vya kukatiza shingo), naambiwa zinaua sauti ya pikapu ya shingo. Kweli?

Kuua ni neno kubwa bana. Kwenye skeli (urefu wa uzi unaocheza) ya milimita 648, freti ya 24 inaangukia milimita 162 kutoka briji, yaani robo ya uzi, na ndo karibu na hapo pikapu ya shingo inapokaa kwenye magitaa mengi ya freti 21 au 22. Ukiongeza freti lazima isogee kuelekea briji, unene unapungua kidogo, hilo nakubali. Ila ile stori kwamba pale robo kuna utamu wa pekee kwa vile hamoniki ya nne haisikiki, hiyo ni kwa uzi ulio wazi tu, we bana freti ya 5 uone, robo imeshahamia kama milimita 121 kutoka briji na pikapu iko palepale.

Kabla hujatoboa mbao fanya hivi: unganisha pikapu kwenye jeki na amplifaya, ishike kifudifudi juu ya nyuzi bila kuzigusa, mtu apige huku we unaisogeza mdogomdogo. Sikio likisema hapa, weka alama. Mi naamini hiyo kuliko chati yoyote.

Kwa nini ya briji imelala mshazari?

Stratocaster, lile gitaa la Fender, imekuja hivyo tangu 1954: nyuzi nyembamba zinanaswa karibu na briji zipate makali, nene zinanaswa mbali kidogo zisikonde. Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, kwa kugeuza gitaa la mkono wa kulia alikuwa na mshazari wa kinyume, na mambo yalienda tu.

Nataka pikapu moja tu, niweke wapi?

Briji, hasa kama unapenda distoshoni, ile sauti ya kukwaruza ya roki. Makali yakizidi unayapunguza kwa kinobu cha toni, ila yale ambayo pikapu haikuyanasa utayatoa wapi?

Nikipiga uzi mnene freti za juu noti inayumba kama imetoka tuni.

Sumaku inavuta uzi, na shingoni ndo mbaya zaidi maana uzi wenyewe unacheza sana hapo. Shusha pikapu, anza upande wa nyuzi nene, nusu raundi ya skrubu kila mara, mpaka kuyumba kuishe. Sauti ikipoa kidogo ongeza volyumu ya amplifaya.