Vidonge vya Kunenepa na Mifupa Yangu

Nilivunjika kifundo cha mkono nikiwa na miaka 27, katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, kwa kuteleza tu nikiwa natembea. Daktari aliyenifunga plasta hakuridhika na maelezo hayo. Aliniuliza kama hedhi yangu huja kwa mpangilio, kama mama au bibi yangu aliwahi kuvunjika nyonga, kama navuta sigara, kisha akauliza nisilolitarajia: ni dawa gani ninazomeza bila kuandikiwa?

Nilimweleza ukweli. Kwa karibu miaka miwili nilimeza deksamethasoni, vidonge viwili vya nusu miligramu kila siku, nilivyonunua dukani bila cheti cha daktari, kwa sababu nilikuwa nimekonda, ndoa ilikuwa inakaribia, na mashoga zangu waliniambia kwamba vinaleta hamu ya kula. Mashavu yalijaa kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili, na kwamba miligramu 1 yake inakaribia nguvu ya miligramu 7 za prednisoloni, steroidi nyingine. Dawa hizo hudhoofisha seli zinazojenga mfupa, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa kutoka kwenye chakula na kuongeza ile inayopotea kwa mkojo, tena mifupa huathirika haraka zaidi katika miezi ya mwanzo.

Linaloniuma zaidi ni umri. Mifupa yetu huendelea kujazwa madini hadi kukaribia miaka 30, nami katika miaka ya kuweka akiba nilikuwa naimaliza.

Ule wembamba wenyewe ulistahili kupelekwa hospitali, si dukani. Msichana aliyekonda hadi hedhi ikakatika kwa miezi kadhaa hupungukiwa estrojeni, homoni inayoilinda mifupa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza madini ya mifupa wakati inapotumika, ingawa kwa kiasi kikubwa hurudi baada ya kuiacha. Muulize mhudumu wako, usiiogope.

Dada yangu, ikiwa unavimeza vidonge hivyo leo, nakusihi usiviache ghafla. Tezi za mwili zinazotengeneza homoni ambayo dawa hiyo inaiiga huwa zimelala, na kukatisha dawa kwa mkupuo kunaweza kuleta kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kifo. Mwambie daktari kila kitu, akupunguzie kidogo kidogo. Mimi ilinichukua miezi minne.

Eksirei ya kawaida haitoshi kugundua mifupa iliyodhoofika, kwa kuwa upungufu hauonekani humo mpaka takriban asilimia 30 ya madini iwe imepotea. Nilisafiri hadi Dar es Salaam kupimwa kwa mashine ya DEXA, inayopima madini ya mifupa, ambayo kwa msichana hulinganisha mifupa yake na ya wanawake wa rika lake.

Mwanamke wa umri wangu anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mchicha unayo, lakini oksalati zake, kemikali za asili zilizomo kwenye mboga hiyo, huizuia isifyonzwe vizuri. Kwa hiyo nakunywa maziwa ya mgando, na dagaa wetu siwachambui tena vichwa. Nawala wazima, pamoja na miiba yao.