Kabla ya kujiambia "ninastahili", kagua droo

Swali lenu la wiki hii linauliza mtu afanyeje anapojiona feki huku watu wanamsifu. Najua majibu yatakayomiminika: jiamini, orodhesha mafanikio yako, simama mbele ya kioo useme unastahili. Kwa mhasibu aliyepandishwa cheo, sawa. Mimi nitajibu kwa niaba ya watu ninaokaa nao vikundini, walioacha pombe au unga, maana kwao ushauri huo unaweza kuleta balaa.

Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walipoieleza hali hii mwaka 1978, walikuwa wakizungumzia wanawake ambao mafanikio yao yalikuwa halali kabisa. Mraibu amewahi kudanganya kwelikweli. Ameficha chupa, amekopa kwa sababu za uongo, ameapa asubuhi na kuvunja kiapo jioni. Kichwa kikimwambia "unaigiza", kinakuja na ushahidi mkononi. Isitoshe, usingizi, kumbukumbu na umakini huweza kuchukua miezi kutengemaa baada ya kuacha, kwa hiyo kila kosa dogo la kazini linaongezwa kwenye mashtaka.

Ndiyo maana nasema hisia hiyo isifukuzwe. Ihojiwe: ni shaka au ni siri? Gawa karatasi katikati. Upande mmoja andika mambo ambayo shahidi angeweza kuyathibitisha: tarehe ya mwisho kutumia, deni ambalo hujalitaja, kidonge ulichomeza. Upande wa pili weka hukumu: "sijapona", "wakinijua watanikimbia". Hukumu zisubiri. Ila kwenye upande wa kwanza kukiwa na jambo lisilojulikana na yeyote, lisemwe siku hiyohiyo, kabla ya kulala, kwa mtu mmoja tu: sponsa, yaani mwenzako aliyetangulia kuacha na anayekuongoza, au mshauri.

Kuna mwanamume (ameniruhusu kusimulia, bila jina) aliyekuwa apokee medali ya mwaka mmoja bila heroini. Alikaa safu ya nyuma. Alipoitwa hakuinuka, akasema, "Mpeni mwingine." Watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Kumbe wiki tatu kabla aling'olewa gego, akaandikiwa vidonge 10 vya kodeini, na hakumwambia daktari kwamba aliwahi kuwa mtumiaji. Kodeini, dawa ya maumivu, na heroini ni ndugu, zote za jamii ya afyuni. Ini huigeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Alimeza 6, kwa kipimo na saa alizoandikiwa.

Kikundi kikagawanyika palepale. Mzee mmoja akasema ahesabu upya kuanzia siku ya kwanza. Mama mmoja akamjibu kwamba dawa iliyoandikwa na daktari na kumezwa ilivyoandikwa si kurudia kutumia, vinginevyo tumwambie na anayekunywa methadoni, dawa ya tiba inayotolewa badala ya heroini, kwamba hajaacha. Wengine wakadakia, wakapandishiana sauti, mwenye medali akabaki anatazama viatu vyake. Sponsa wake alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza: "Hivyo vinne viko wapi?"

Vilikuwa kwenye droo kando ya kitanda, ndani ya soksi.

Vile 6 havikuwa na hila yoyote. Vinne vya kwenye soksi vilikuwa mpango, hata kama mwenyewe hajaukiri. Kesho yake walikwenda wote wawili kuvirudisha duka la dawa. Na kosa lenyewe lilianzia kwenye kiti cha daktari wa meno: ilitakiwa aseme kabla ya sindano ya ganzi, "Niliacha heroini, nipangie dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya afyuni." Baada ya kung'oa jino, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1 huwatosha wengi, mradi daktari ajue kama mtu ana vidonda vya tumbo au shida ya figo au ini. Ikibidi apewe za afyuni, ziwe za siku mbili tatu, na mtu mwingine azishike na kuzihesabu. Baada ya miezi bila kutumia mwili umeshapoteza uzoefu wake. Dozi ya zamani inaweza kukata pumzi.

Nimelirefusha, najua. Lakini mwisho wake ndio unaonisumbua. Medali aliichukua wiki iliyofuata, droo ikiwa tupu, siri imekwisha, na bado alijiona feki. Mwezi uliofuata vilevile. Kumbe karatasi yangu inachuja siri tu, shaka inapita. Tena nikiwafikiria wengi wa vikundini, upande wao wa kwanza hauna kitu. Wanajihoji kila jioni mpaka wanaungama mambo ambayo hayakutokea.

Basi jibu langu, kinyume na nilivyoanza: mara nyingi ipuuze. Ukisifiwa sema "Asante, bado naendelea", kisha nyamaza. Anayekusifu hakudai historia yako yote. Isipokuwa kama hujamaliza miezi 3 ya kwanza tangu uache, au kuna kitu umekificha. Na kwa wanaotumia methadoni, hisia hii isiwapunguzie dozi. Anayekunywa miligramu 80 kila asubuhi na kwenda kazini ameacha kama wenzake. Akitaka kushuka, ashuke kidogokidogo kwa wiki nyingi, daktari wake akijua, wala asianze kwa sababu kuna mtu kikundini amemkunjia uso.