Maswali ya wasomaji: jiko la kosheri, nsenene na ardhi ya Chamberlain

Barua nyingi safari hii zimetoka Mbale na maeneo ya jirani, ambako wageni Wayahudi hufika kuwatembelea Abayudaya, yaani Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Tumezijibu tano.

Mimi ni mpishi wa sherehe. Nimeagizwa chakula cha jioni cha Wayahudi kumi, siku ya Alhamisi, nao wanataka vyakula vya hapa. Nyama nanunua bucha la Waislamu na nguruwe haingii jikoni kwangu. Hiyo haitoshi? — Mama wa sherehe, Mbale

Haitoshi, mama, na hapo ndipo wapishi wengi hukwama. Nyama ya kosheri, yaani iliyo halali kwa Wayahudi, huchinjwa na Myahudi aliyesomea kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Mapafu hukaguliwa, na mshipa mkubwa wa paja hutolewa pamoja na mafuta fulani. Kisha nyama hulowekwa nusu saa, hupakwa chumvi ya mawe kwa saa nzima na kusuuzwa mara tatu ili damu itoke. Abayudaya wana wachinjaji wao, lakini si kila mgeni hukubali uchinjaji wa kila jamii. Ushauri wetu: achana na nyama, pika samaki.

Samaki naye ana masharti. Awe na mapezi, na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Ngege na sangara wanafaa. Kambare hana magamba kabisa. Kamongo anayo, ila yamezama ngozini, kwa hiyo hafai. Nunua samaki mzima mwenye magamba yake, wageni wamwone kabla hujampaa. Minofu iliyokwisha kuchunwa ngozi usiilete, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha ni ya samaki gani. Mukene (dagaa) mwenyewe hana tatizo, lakini wa gunia huwa amechanganyika na uduvi wa ziwani, ambao ni haramu. Kuuchambua mmoja mmoja kwa ajili ya watu kumi ni adhabu.

Shida kubwa hata hivyo iko kwenye vyombo. Sufuria iliyopikiwa nyama isiyo ya kosheri huhesabiwa kuwa imenyonya ladha yake, hata uisugue kwa mchanga ing'ae. Ya chuma hutakaswa hivi: isafishwe, ikae saa 24 bila kutumika, kisha izamishwe yote katika maji yanayotokota, mbele ya mtu anayeijua kazi. Wavu wa nyama choma hautakaswi kwa maji, huwekwa motoni mpaka uwe mwekundu. Chungu cha udongo hakitakasiki hivyo. Kwa watu kumi ni nafuu kununua sufuria mpya, kisu, mwiko na ubao, na gharama hiyo uitaje kwenye bei tangu siku ya kwanza. Wala usidhani kwamba majani ya ndizi yatatenga matooke na sufuria ya zamani, mvuke hupita.

Sigiri usiiwashe wewe. Mwombe mgeni mmoja aiwashe, maana sheria inataka mkono wa Myahudi uwemo katika upishi. Wengine, hasa wenye asili ya nchi za Kiarabu, watataka pia kuinjika sufuria wenyewe. Wape nafasi.

Matooke, wali, mchuzi wa karanga na dodo (mchicha) vyote vinafaa. Karanga usizitie maziwa wala samli. Dodo lioshwe jani kwa jani katika maji ya chumvi, ukiangalia upande wa chini wa jani, kwani mdudu mdogo ni kosa kubwa kuliko chumvi kuzidi. Mayai yavunje moja moja kwenye kikombe, na lenye tone la damu ulitupe. Mafuta ya kupikia waache wachague wao, wengi hutafuta alama ya kosheri kwenye chupa.

Na wakiisogeza karamu hadi Ijumaa, kila kitu kiwe kimeiva kabla jua halijatua, yaani takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni huko kwenu, kutegemea mwezi. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya hapo, na baada yake hakuna kupika.

Walawi 11 inaruhusu nzige. Basi Myahudi akija Novemba anaweza kula nsenene? — Msomaji, Masaka

Hapana. Andiko linataja aina nne za nzige, lakini kuwatambua kunahitaji mapokeo: mtu awe ameonyeshwa na wazee wake kwamba huyu ndiye. Wayahudi wa Yemen waliyahifadhi mapokeo hayo kwa nzige wa jangwani, na wapo wa Moroko pia. Wengi wa Ulaya waliyapoteza zamani. Nsenene si nzige huyo. Ni panzi wa jamii nyingine, mwenye papasi ndefu, na hakuna jamii ya Kiyahudi yenye mapokeo juu yake. Mgeni akikataa, nawe unaupata mgao wake.

Mwalimu alitufundisha kwamba Wayahudi nusura wapewe Uganda. Ingekuwa hapa kwetu? — Msomaji, Tororo

Jina lilikuwa Uganda, ardhi ikawa nyingine. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao), eneo la Afrika Mashariki, na lililokuja kukaguliwa ni uwanda wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Mkoa huo ulikuwa wa Uganda hadi 1902, ulipohamishiwa upande wa pili wa mpaka, lakini watu waliendelea na jina la zamani.

Herzl alikubali kulijadili kwa sababu ya haraka: Aprili 1903 Wayahudi walikuwa wameuawa Kishinev, katika himaya ya Urusi. Kongamano la sita la Wazayuni, Basel, Uswisi, Agosti mwaka huohuo, lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma wakaguzi tu, wala si kuhamia. Wajumbe wa Urusi, ambao watu wao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini kwa hasira. Herzl alifariki Julai 1904, wakaguzi watatu wakarudi na taarifa isiyovutia, walowezi Waingereza nao wakapinga, na kongamano la 1905 likaukataa mpango.

Abayudaya hawakutokana na mpango huo, ingawa mara nyingi husimuliwa hivyo. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana, alisoma Agano la Kale, akatahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuanzisha jamii karibu na Mbale. Hapakuwa na Myahudi wa Ulaya aliyemwongoa.

Kwa nini Abayudaya hawahamii Israeli kwa urahisi kama Wayahudi wengine? — Mwanafunzi, Kampala

Kwa sababu mbili ambazo magazeti huzichanganya. Kwanza ni uraia. Sheria ya Kurejea ya 1950, iliyorekebishwa 1970, inampokea pia aliyeongoka, na mwenye uamuzi ni Wizara ya Mambo ya Ndani. Mamia ya Abayudaya waliongoka rasmi mwaka 2002 mbele ya marabi wa Konsavativu, mkondo wa Kiyahudi usio mkali kama wa Kiothodoksi: mahojiano mbele ya baraza la watatu, kuzama kwenye maji ya mikve (birika la utakaso), na tone la damu kwa mwanamume aliyekwisha kutahiriwa. Mwaka 2016 Wakala wa Kiyahudi, shirika linalowasaidia Wayahudi kuhamia Israeli, uliitambua jamii hiyo. Wizara haikufungwa na utambuzi huo, na mwaka 2018 ilimkatalia mwombaji mmoja. Kwa maoni yetu ni siasa za mikondo ya dini ndani ya Israeli zilizomwangukia mtu wa Mbale.

Pili ni ndoa. Hata anayepata uraia hataozeshwa na Ofisi ya Rabi Mkuu, ya Kiothodoksi, inayosimamia ndoa za Wayahudi nchini Israeli, kwa cheti cha Konsavativu. Wanaofuata Uothodoksi, kama wale wa kijiji cha Putti, wanalazimika kutafuta baraza la Kiothodoksi.

Chapati haina hamira. Naweza kuwauzia Abayudaya chapati wakati wa Pasaka yao? — Muuza chapati, Jinja

Usijaribu, kaka. Pasaka ni nzito kwao: chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, na Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ileile Pasaka ilipoanza.

Kinachokuharibia chapati ni muda, hata bila hamira. Unga wa ngano ukiloa na kuachwa dakika 18 huhesabiwa umechacha, nawe chapati unaipumzisha nusu saa ili ilainike. Matza, mkate wao wa Pasaka, ni unga na maji basi, bila chumvi wala mafuta. Maji huchotwa jioni na kulala usiku kucha yapoe. Unga wenyewe uwe umelindwa usipate unyevu tangu kusagwa. Mmoja anakanda, mwingine anasukuma, wa tatu anatoboa matundu ili isivimbe, na tanuri liwe limekwisha kupamba moto kabla maji hayajagusa unga. Kila awamu ikiisha, mikono, meza na mti wa kusukumia husafishwa upya, kwani kipande kilichobaki kwenye ufa wa meza huendelea kuchacha na kuharibu donge linalofuata.

Posho, yaani ugali wa mahindi, ni habari nyingine. Mahindi hayamo katika nafaka tano zinazochacha kisheria (ngano, shayiri, oti, rai na spelti, ambayo ni aina ya ngano), ila Wayahudi wa asili ya Ulaya walikuwa wakiyaepuka wiki hiyo pamoja na mchele. Kamati ya sheria ya Konsavativu iliwaruhusu mwaka 2015. Othodoksi wa Ulaya bado hawali, kwa hiyo uliza kwanza, kisha songa.