Jino jipya limetoka na doa: barua tatu kutoka Lamu na Malindi

*Assalaam aleikum Bi Daktari. Nina binti wa miaka saba. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe, hayakuwa na tundu hata moja. Mwaka jana yakaanza kung'oka, na jino moja la mbele la juu likatoka na doa la rangi ya krimu, kama tone la uji lililoganda. Baadaye nikaona nyuma kabisa gego la manjano na kahawia, na ukingo wake umemeguka. Akipiga mswaki upande huo analia. Barafu za ukwaju hataki tena, na hata maji ya mtungi huyanywa akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Mwalimu wake aliniambia mbele ya wazazi wengine nimfundishe mwanangu usafi. Mamamkwe asema ni dawa alizokunywa akiwa mchanga, maana alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa kwenye oksijeni, na alipofika mwaka mmoja akalazwa kwa nimonia. Jirani asema ni maji ya kisima, lakini kakake anakunywa maji yayo hayo na meno yake ni safi. Sasa namsugua kwa mkaa uliosagwa mara tatu kwa siku, na doa halitoki. Nimekosea wapi?*
*Mama wa Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza weka huo mkaa chini, leo hii. Hujakosea popote. Jino limetoka ufizini likiwa na doa lake, na hata ungemsugua tangu alfajiri mpaka isha halingetoka, kwa sababu doa limo ndani ya enameli yenyewe, yaani lile gamba gumu la nje la jino. Unachofanya ni kukwangua kilichobaki, nacho ni kidogo.

Jino la ukubwani huanza kujengwa zamani sana kabla hujaliona. Gego la kwanza, lile linalotoka kwenye miaka sita, enameli yake huanza kuwekwa karibu na siku ya kuzaliwa, na kazi huendelea mpaka mtoto anakaribia miaka mitatu. Meno ya mbele huanza miezi michache baadaye. Enameli ikikomaa, kama asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wa binadamu. Lakini haizaliwi ngumu. Chembe hai zinazoijenga huweka kwanza kitu laini, kisha hukijaza madini na kuondoa maji na protini. Kazi ikikatizwa hapo, umbo la jino hutimia ila kipande fulani hubaki chepesi, chenye vinyweleo. Wewe uko Amu, nenda kamuulize fundi yeyote wa nyumba za mawe atakueleza habari ya chokaa iliyotumiwa kabla haijaiva: ukuta husimama na hupendeza, kisha humeguka. Tofauti ni kwamba ukuta hupigwa lipu upya. Chembe zinazojenga enameli hufa jino linapotoka, kwa hiyo mwili hauwezi kuirudishia.

Hali hii ilipewa jina mwaka 2001, jina refu lenye maana ya magego na meno ya mbele yaliyopungukiwa madini. Madaktari huliita kwa herufi tatu, MIH. Si ajabu wala si laana: makadirio ya dunia ni watoto kama 13 katika kila 100. Haina chanzo kimoja. Inahusishwa na magonjwa ya miaka ya mwanzo, hasa ya kifua na yenye homa kali, na upungufu wa hewa wakati wa kuzaliwa, na pia urithi. Soma tena barua yako, mwanangu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku, akahitaji oksijeni, akaugua nimonia akiwa na mwaka mmoja, amepitia misukosuko hiyo miezi ile ile gego lake lilipokuwa likijazwa madini. Mamamkwe wako hayuko mbali sana, ila ugonjwa na dawa huja pamoja na ni vigumu kuvitenganisha. Mtoto wa nimonia hanyimwi dawa. Ulimwokoa.

Ama maji ya kisima, yaondoe moyoni. Kasoro ya maji hugusa meno ya kulia na ya kushoto sawasawa, na huwaonyesha watoto wa nyumba moja kwa pamoja. Ya binti yako ni doa moja lenye mpaka wake, jino jirani ni zima, na kakake ni mzima.

Kuhusu mwalimu, nitasema jambo linalonihusu. Miaka yangu ya kwanza kazini hapa Malindi, nami niliwaambia akina mama hivyo hivyo. Alikuja mmoja kutoka upande wa Ngomeni na kijana wa miaka minane, magego manne yamemeguka, na mimi nikaandika kwenye kadi kwamba mtoto hapigi mswaki. Mama yule hakujibu, aliinama akakunja ncha ya leso yake. Nilipokuja kuelewa nilichokuwa nimekiona, sikujua tena pa kumpata. Ndiyo maana kila mwaka nairudia mada hii katika safu hii. Mtoto mwenye gego kama hili haachi mswaki kwa uvivu. Anaacha kwa sababu unamuuma: enameli ni nyepesi, na baridi hupita moja kwa moja mpaka kwenye uhai wa jino, yaani nyama laini ya ndani yenye mishipa.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wazazi waangalifu. Gego la miaka sita halitoki mahali pa jino lililong'oka. Linachipuka kimya nyuma ya yote. Wazazi wengi hulidhani la utoto, na likianza kuoza husema acha, litang'oka lenyewe. Halitang'oka lenyewe. Hilo ndilo atakalotafunia mkate wa mofa akiwa na wajukuu. Basi kila mwenye mtoto wa miaka sita, mlaze kichwa mapajani mwako, washa tochi ya simu, vuta shavu, utazame nyuma ya gego la mwisho ulilolizoea. Ukiona jipya lenye rangi ya manjano au kahawia, usingoje liume.

Wewe, mwanangu, usipitishe mwezi huu. Anza na hospitali ya kaunti hapo hapo Amu, umuulizie daktari wa meno, naye atakwambia kazi itafanywa pale au itabidi mvuke. Gego likiwa limemeguka kidogo, linaweza kupakwa vanishi ya floridi, madini yanayoimarisha jino, na kufunikwa kwa kijazio kinachoshika hata jino likiwa na unyevu, mpaka mtoto akue kidogo. Likiwa limemeguka sana, kofia ya chuma huvalishwa juu ya jino zima. Inang'aa, ndiyo, lakini iko nyuma, na mtoto anakula siku ile ile. Lisilookoka kabisa hung'olewa, na hapo wakati una thamani: mara nyingi kati ya miaka minane na kumi, baada ya picha ya eksirei, gego la pili linapokuwa bado linajengwa chini, ili lisogee mbele lizibe pengo. Kwa hiyo asikung'olee mtu kwa haraka, na wewe usije ukachelewa mpaka miaka kumi na tatu.

Mwambie daktari mapema kwamba jino linauma kwa maji baridi. Meno haya wakati mwingine sindano ya ganzi haiyashiki vizuri, kwa sababu uhai wake umeshavimba kwa kuchokozwa kila siku. Mtoto akisema "bado nasikia", anasema kweli. Nawaomba wenzangu wa kazi wamsadiki.

Nyumbani, mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Dawa ya meno iwe na floridi, na boksi lisomeke kati ya 1000 na 1500 ppm. Weka kiasi cha punje moja ya mbaazi, mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ikae. Mpigishe wewe mwenyewe, huyo bado mdogo. Msuwaki wa mti ni sunna na nauheshimu, nami nautumia, lakini kwa gego hili hautoshi: hauna floridi hiyo, na hauingii kwenye mabonde ya jino lililo nyuma kule. Ndimu, chumvi, magadi na majivu, hapana. Ubuyu wa rangi na soda viwe vya siku ya sikukuu, navyo viliwe pamoja na chakula, visiwe vya kumumunya mchana kutwa.

Doa la mbele lina subira. Halidhuru likibaki, na linaweza kufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino siku binti mwenyewe atakapotaka. Dawa za kung'arisha meno zinazouzwa mitandaoni usimguse nazo.

Na mwalimu mpelekee ukurasa huu, kwa heshima.

*Daktari, habari za kazi. Nimehamia Malindi kutoka upande wa Nakuru na wanangu wawili, wa miaka kumi na kumi na miwili. Meno yao ya mbele yana mistari myeupe na madoa ya kahawia. Kule haikuwa neno, wengi ni hivyo. Hapa wanachekwa, na mkubwa ameanza kuongea akiwa amefunika mdomo. Hayaumi. Ndugu yangu aliyebaki kule ana mtoto mchanga na huchemsha maji yote. Je, inasaidia?*
*Baba wa Barani, Malindi*

Karibu pwani, ndugu yangu. Hiyo ni floridi. Ardhi ya Bonde la Ufa ni ya volkeno, na maji ya chini ya ardhi hubeba floridi nyingi sehemu nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa yanayozidi hapo miaka yote meno yanapojengwa, yaani mpaka karibu miaka minane, enameli hupata mistari, kisha madoa, kulia na kushoto kwa pamoja kama ulivyoeleza.

Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki, kwa hiyo sufuria ikichemka sana unaizidisha. Nduguyo akinge maji ya mvua kwa ajili ya mtoto, na maharage asiyapikie magadi, kwani magadi mengi nayo yana floridi nyingi.

Mtu ataniuliza: mbona hapo juu umesifu dawa ya meno yenye floridi? Kwa sababu ikipakwa juu ya jino lililokwisha kutoka huliimarisha, ikimezwa kwa wingi jino likiwa bado linajengwa hulitia doa. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu.

Wanao wameshapita umri wa hatari, na meno yasiyouma wala kumeguka ni meno yenye nguvu. Madoa ya juu juu daktari huweza kuyapunguza kwa kusugua tabaka jembamba sana kwa dawa maalumu, kazi ya kiti cha hospitali, si ya nyumbani. Huyo mkubwa anayefunika mdomo mpeleke kwanza. Miaka kumi na miwili si umri wa kungojeshwa katika jambo kama hilo.

*Mjukuu wangu ana miaka miwili. Alianguka ngazini, jino la mbele likazama ufizini. Limerudi chini lakini limekuwa jeusi. Watu wasema hata jipya litatoka jeusi.*
*Bibi wa Mambrui*

Shikamoo bibi. Weusi haurithiwi na jino jipya. Ila mzizi wa jino la utoto huwa karibu sana na chipukizi la jino la ukubwani, na jino likisukumwa juu katika umri huo, jipya huweza kutoka na doa jeupe au la kahawia, au kijishimo. Ni hilo moja tu, si meno yote. Daktari alitazame sasa. Kisha wewe uangalie ufizi wake kila wiki: ukiona kipele au usaha juu ya jino hilo jeusi, mrudishe siku hiyo, kwa sababu usaha ukikaa ndio unaoharibu jino lililo chini. Tarehe aliyoanguka iandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki. Jino jipya litatoka karibu na miaka saba, na daktari wa siku hiyo ataiulizia.