Ukifika Dayton, Usianze na Nyani

Mimi ni mtu wa Loliondo. Tangu 2011, nikijitambulisha hivyo kwa Mtanzania yeyote, swali linalofuata nalijua: "Na wewe ulikunywa kikombe cha Babu?" (Ile dawa ya mchungaji mzee iliyovuta umati kijijini kwetu.) Nacheka, najibu, tunaendelea. Lakini inachosha. Ungedhani mtu aliyechoshwa hivyo angekuwa wa mwisho kumfanyia mwenzake vilevile. Thubutu!

Siku hizi nakaa Chattanooga, jimbo la Tennessee. Ukishika barabara ya 27 kuelekea kaskazini, saa haijaisha umeshafika Dayton, mji wa ile "Kesi ya Nyani" ya 1925, mwalimu aliposhtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Ndio makao makuu ya kaunti ya Rhea. (Wenyewe wanatamka "Rei". Ukisema "Rea" wanajua umekuja jana.) Mara ya kwanza niliingia mgahawani, mama mmoja akaniletea chai ya baridi iliyojaa sukari, akaniuliza nimefuata nini. Nikajibu kwa kujichekesha: "Nimekuja kuwaona nyani." Aliweka glasi mezani taratibu, akanionyesha kwa kidevu upande wa mahakama, akaenda zake. Bili aliniletea kijana mwingine.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na nimeulipia kwa aibu: usianze na nyani. Anza na njaa. Dayton ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma, kampuni ilipoanguka watu wakahama. Machi 1925 jimbo likapitisha sheria ya kumkataza mwalimu wa shule ya umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kikatafuta mwalimu atakayekubali kushtakiwa ili sheria ipimwe mahakamani. Mwezi Mei, wakubwa wa Dayton wakakaa kwenye duka la dawa la Robinson wakaona biashara hiyo: kesi ingevuta watu mjini. Wakamwita John Scopes, kijana wa miaka 24, akatolewa uwanja wa tenisi. Alikuwa kocha, na masomo ya viumbe alikuwa ameyashikia tu. Kitabu cha ushahidi kilikuwa palepale rafuni, maana Robinson, mwenyekiti wa bodi ya shule, ndiye aliyekuwa akiviuza. Ukilijua hilo, huwezi tena kuwaita washamba. Walikuwa wafanyabiashara, na mzigo ukawazidi.

Ukifika mahakamani, usiishie kupiga picha nje ukaondoka. Panda ghorofani. Viti vya mbao ni vilevile vya wakati ule. Keti kimoja, dakika kumi tu, usikie kinavyolia ukijigeuza. Humo Julai 1925 waandishi walijibana, na redio ya Chicago, WGN, ikarusha kesi moja kwa moja. Nje wachuuzi, wahubiri, na sokwe aliyevalishwa suti. Julai 20 jaji alihamishia kesi uwanjani, joto limezidi na sakafu inatiliwa shaka kwa uzito wa watu. Chini ya miti Clarence Darrow, wakili wa Scopes, akambana William Jennings Bryan wa upande wa mashtaka, aliyegombea urais mara tatu, maswali ya Biblia kwa karibu saa mbili. Kesho yake juri ilitumia dakika 9 kumtia Scopes hatiani, faini dola 100. Jumapili iliyofuata Bryan alijilaza baada ya chakula cha mchana, papo hapo Dayton, asiamke.

Uwanjani utakuta sanamu mbili. Ya Bryan iliwekwa 2005, ya Darrow 2017. Miaka 12 mzee wa watu alisimama anabishana na hewa.

Mwenzangu mmoja aliniambia nimuulize kila mtu anaamini nini. Usifanye. Mwaka 2004 madiwani wa kaunti walipiga kura wakitaka sheria iruhusu mashoga washtakiwe, na siku mbili baadaye wakaifuta wenyewe. Habari ikazunguka nchi nzima, na 1925 ikafufuliwa upya. Wenyeji wamechoka kuwa mfano. Kama una maswali ya imani, jumba la makumbusho liko chini ya mahakama hiyohiyo, ukuta haukasiriki.

Nenda Mei, kwenye tamasha la stroberi, si Julai ya vumbi la kumbukumbu za kesi. Na uliza habari za samaki, maana ziwa Chickamauga lina wavuvi wasiokauka midomo.

Niliporudi mgahawani mwaka uliofuata nilimkuta mama yuleyule. Sidhani alinikumbuka, au alinistahi. Nikamuuliza samaki wanakamatwa wapi msimu huo, akavuta kiti, akaketi, akanieleza mpaka chai ikapoa ubaridi wake. Mwishoni akauliza: "Na kwenu kunajulikana kwa nini?"

Nikamwambia ng'ombe.